Ngurumo Iliyosikika Mönsterås

Usiku ule wa Februari tulikuwa watu 14 katika jiko la bweni ambalo, kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa mlangoni, haliruhusiwi kuwa na watu zaidi ya 8. Mwenzetu alikuwa amepigiwa simu alasiri kwamba mama yake amefariki nyumbani. Pasipoti yake ilikuwa kwenye ofisi fulani ikisubiri kuongezewa muda wa viza, na kila aliyeyajua mambo hayo alimwambia neno lile lile: ukitoka sasa, hurudi. Mazishi yalikuwa keshokutwa. Basi msiba tukauweka pale pale jikoni. Viti vilitolewa vyumbani, sufuria kubwa ya chai ya maziwa ikabandikwa, mmoja akakusanya rambirambi kwenye bahasha ya barua ya benki, na mwingine akasimama ukumbini kuwaomba radhi majirani wa ghorofa ile.

Hakuna aliyepanga nyimbo. Kwetu nyimbo za msibani hazipangwi, huanzishwa tu na mama mmoja aliyekaa kwenye mkeka, na wengine humfuata. Hapa hatukuwa na mama huyo wala mkeka. Aliyeanzisha ni kaka mmoja kutoka Kenya, mtu ambaye hatujapata kumsifu kwa sauti yake, na alianzisha wimbo ule wa kumshangaa Mungu ambao wengi wetu tuliujua kwa kitabu cha Tenzi za Rohoni. Wasomaji wetu Wakristo wameshautambua. Ni ule unaoanza kwenye nyota na ngurumo, ukapita kwa ndege, milima na upepo, ukafika msalabani, na kuishia siku ambayo Yesu atarudi. Tuliimba beti zote nne bila kitabu. Ndugu yetu wa Bukavu alitia besi. Mfiwa aliimba beti tatu pamoja nasi, ya nne ikamshinda.

Baada ya chai ukaanza ubishi, kwa maana msiba wa kwetu usio na ubishi haujakamilika. Mmoja alisema wimbo huu ni wetu kabisa, maana bibi yake ambaye hakujua hata neno moja la Kiingereza aliuimba akipalilia mahindi. Mwingine akasema huo ni wa Wamarekani, ni wa Elvis Presley, na akataka kutuonyesha kwenye simu. Wa tatu akasema ni wa wamisionari wa Kiingereza kama nyimbo nyingine zote. Alikuwepo pia mwenzetu wa Muscat, Mwislamu ambaye babu zake walitoka Unguja, aliyekuwa amekaa kimya muda wote akigawa sukari. Yeye aliuliza swali moja tu: "Sasa huyu aliyeshangaa, alishangaa akiwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Makala hii imetoka kwenye swali lile, na kwenye wiki kadhaa za maktaba zilizolifuata.

Alikuwa njiani, akirudi nyumbani kutoka ibadani. Jina lake Carl Gustaf Boberg, na nyumbani kwao ni Mönsterås, mji mdogo wa pwani ya kusini-mashariki ya Uswidi, katika eneo la Småland, unaotazama Bahari ya Baltiki. Alizaliwa hapo tarehe 16 Agosti 1859, mtoto wa seremala wa meli. Ujanani alikuwa baharia. Akaokoka akiwa na miaka 19, akaenda shule ya Biblia huko Kristinehamn, kisha akarudi kwao kuhubiri.

Tunawaomba wasomaji waisahau kidogo Uswidi ya leo, nchi ya wafadhili. Uswidi ya utoto wa Boberg ilikuwa nchi ya mawe na viazi. Njaa ya 1867 hadi 1869 iliua watu na kuwafukuza wengine, na kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi miaka ya 1920 Waswidi zaidi ya milioni moja walihamia Amerika ya Kaskazini. Småland ilitoa wengi miongoni mwao. Kwa hiyo pale Mönsterås mtu angeweza kuona mambo ambayo sisi tunadhani yameanza na kizazi chetu: barua zenye stempu za ng'ambo, fedha zinazotumwa kwa ajili ya paa la nyumba, na wazazi wanaozikwa na majirani kwa sababu watoto wako mbali.

Katika nchi hiyo kulikuwa na uamsho. Walioguswa nao waliitwa "wasomaji", kwa kuwa walikutana majumbani kuisoma Biblia wenyewe. Jina hilo lilikuwa la dhihaka kabla halijawa la heshima. Mpaka mwaka 1858 sheria ilikataza watu wa kawaida kukusanyika kwa ibadi ya namna hiyo bila mchungaji wa kanisa la dola. Miaka 20 baadaye, mwaka 1878, sehemu kubwa ya watu hao waliunda umoja wao wa misheni, Svenska Missionsförbundet, na Boberg alikuwa mmoja wao. Baadaye alihariri gazeti lao la kila wiki, Sanningsvittnet, kuanzia 1890 hadi 1916, na akakaa bungeni karibu miaka 20. Lakini mwaka tunaoutafuta ni 1885, wakati alipokuwa kijana mhubiri ambaye hakuna aliyemjua nje ya wilaya yake.

Siku hiyo ya kiangazi Boberg na wenzake walikuwa wamehudhuria ibada ya alasiri mahali paitwapo Kronobäck, karibu na Mönsterås. Wakati wa kurudi hali ya hewa ilikuwa nzuri, ndege wakiimba msituni. Mara wingu likatokea kwenye upeo wa macho, umeme ukapiga, ngurumo zikafuata na upepo mkali ukaja na mvua, nao wakakimbilia mahali pa kujikinga. Haikudumu. Mbingu ikafunguka, upinde wa mvua ukaonekana. Boberg alipofika nyumbani alifungua dirisha linalotazama baharini, akaona ghuba imetulia kama kioo.

Watu wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo, kwenye ghuba na upinde wa mvua, wakaendelea na mambo mengine. Sisi pia tungeishia hapo, kama mmoja wetu asingesisitiza tusome maelezo ya Boberg mwenyewe hadi mwisho. Kulikuwa na kitu kingine kilichoingia kwa dirisha lile. Ilikuwa sauti ya kengele za kanisa kutoka upande wa pili wa maji. Siku ile kulikuwa na mazishi, na kengele zilikuwa zikimlilia marehemu.

Tulinyamaza kidogo pale maktaba tulipofika hapo. Tulikwenda kumtafuta mtu aliyefurahishwa na mandhari, tukakuta mtu aliyekaa dirishani akisikiliza kengele ya msiba wa jirani. Jioni ile ile aliandika shairi la beti tisa, "O Store Gud", maana yake "Ee Mungu Mkuu". Linaanza kwa mtu anayeutazama ulimwengu na kuona kwamba Mungu ndiye anayeulisha. Ngurumo na upinde wa mvua vimo, na ndege wa msitu wa Kronobäck yumo. Kisha shairi linaacha maumbile na kufungua Biblia, linasimulia jinsi Mungu alivyowahurumia watu wake tangu zamani, linamwona Kristo akitenda mema na kuishinda mauti msalabani, linamwona mwenye dhambi aliyeanguka miguuni pa Mungu akiomba rehema. Ubeti wa tisa unafika siku ambayo mapazia ya wakati yataanguka na kengele ya milele itaiita roho kwenye pumziko lake. Kengele ile ni ile ya ng'ambo ya ghuba. Kwa hiyo mwenzetu aliyeanzisha wimbo huu kwenye msiba hakukosea mahali. Ulikuwa na msiba ndani yake tangu jioni ya kwanza.

Mpango huo wa kuanzia mbinguni na kumalizia kwenye wokovu hakuubuni Boberg. Zaburi ya 19 huanza kwa anga linalotangaza kazi ya Mungu, hupita kwenye sheria yake na makosa ya mwanadamu, na neno lake la mwisho ni kumwita Bwana mwokozi. Mkristo anapoitazama nyota haachi swali lake lizunguke juu angani peke yake. Anauliza, mwenye kuziumba hizi anataka nini na mimi? Hapo ndipo ugumu unapoanza, na tutaurudia baadaye.

Shairi lilichapishwa katika gazeti la Mönsterås tarehe 13 Machi 1886, na Boberg akalisahau. Mwaka 1888 alikuwa kwenye mkutano katika jimbo la Värmland, mbali na kwao, akashtuka kusikia watu wakiliimba kwa sauti ya wimbo wa zamani wa Kiswidi ambao yeye hakuupanga. Mtu fulani alikuwa ameoanisha maneno na sauti, na jina lake halikubaki. Sauti tuliyoiimba jikoni asili yake ni hiyo, ya wakulima wa Kiswidi, na sisi tulidhani ni ya Wanyakyusa.

Kutoka hapo wimbo ulianza kusafiri, na hatua mbili za kwanza tutazipita haraka. Mwaka 1907 Manfred von Glehn, Mjerumani aliyeishi Estonia, aliufasiri kwa Kijerumani. Mwaka 1912 Ivan Prokhanov akautoa Kijerumani na kuutia Kirusi. Prokhanov anastahili makala yake mwenyewe. Alikuwa mhandisi wa mitambo, kiongozi wa Wakristo wa Injili wa Urusi, mtunzi wa nyimbo nyingi mno, na alionja jela katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Kisovieti. Mwaka 1928 alitoka nchini na hakurudi tena. Alifariki Berlin mwaka 1935. Tukumbuke basi kwamba mkono wa pili kuushika wimbo huu baada ya Boberg ulikuwa wa Mjerumani anayeishi Estonia, na wa tatu ulikuwa wa Mrusi aliyezikwa ugenini.

Mkono wa nne ndio uliotufikishia sisi. Stuart Hine, Mwingereza aliyezaliwa 1899, alikwenda na mke wake Edith kufanya kazi ya Injili miongoni mwa watu wa milima ya Karpathia, eneo ambalo siku hizo liligawanyika kati ya Poland, Chekoslovakia na Romania. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1930, waliusikia wimbo wa Prokhanov, wakajifunza kuuimba wawili kwa Kirusi. Hawakujua kwamba ni wa Kiswidi.

Hine hakufasiri kama tunavyofasiri sisi kwenye mtihani. Alikaa na wimbo, na kila ubeti ulimjia mahali pake. Wa kwanza ulitokana na ngurumo iliyomkuta katika kijiji cha milimani, radi zikipiga na mwangwi ukirudi kutoka mlima hadi mlima. Mwenzetu wa Musoma alisema mtu wa kwao hahitaji maelezo hapo. Dhoruba za usiku juu ya Ziwa Viktoria zinajulikana, na mvuvi aliyeko majini saa nane za usiku huzungumza na Mungu hata kama Jumapili hakwenda kanisani. Ubeti wa pili ulitoka msituni, ambako Hine aliwasikia vijana Wakristo wakiimba wimbo ule wa Kirusi kwa mandolini na gitaa, ndege wakiitikia mitini.

Ubeti wa tatu haukutoka kwenye mandhari hata kidogo. Hine na mkewe walikuwa wakienda kijiji kwa kijiji, na walikuwa na desturi ya kuuliza kama kuna Wakristo wowote mahali pale. Katika kijiji kimoja waliambiwa wako mume na mke wawili tu. Nyumba ile ilikuwa na Biblia iliyoachwa na askari wa Kirusi miaka mingi nyuma, na hakuna aliyeweza kuisoma. Mke alijifundisha kusoma polepole, herufi kwa herufi, akawa anawasomea majirani. Siku ambayo Hine na mkewe walifika, walisimama nje ya mlango wakasikiliza. Mama yule alikuwa amefika kwenye habari ya kusulubiwa katika Injili ya Yohana, na nyumba ilikuwa imejaa watu. Kwa desturi ya watu wale toba hufanywa kwa sauti. Wageni pale nje walisikia watu wakilia na kusema kwamba hawaelewi, hawaamini, kwamba Mungu alimtoa Mwanawe afe kwa ajili ya watu kama wao. Hine hakuingia kuwakatiza. Aliandika alichosikia.

Hapa tuliona jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa miaka yote ya kuimba. Beti mbili za kwanza mtu anashangaa na anafurahi, na hakuna swali. Ubeti wa tatu ni tofauti, nao kwa Kiingereza na kwa Kiswahili unakiri kwamba jambo hili kulielewa ni vigumu. Nyota haimpi mtu taabu hiyo. Ukubwa wa mbingu tunaupokea kwa sababu hautudai kitu. Kusema kwamba aliyezitandaza mbingu alikubali kupigiliwa misumari, na kwamba sababu ni sisi, hilo ndilo linalomkwama mtu kooni, na Mkristo anayeliimba bila kukwama pengine amelizoea mno.

Mwenzetu wa Muscat alituambia kwa uungwana kwamba beti mbili za kwanza angeweza kuziitikia, maana hata yeye akiona mlima wa Jebel Akhdar baada ya mvua husema subhanallah bila kufikiri. Ubeti wa tatu ndio unaomfanya anyamaze na kugawa sukari. Tulimwambia kwamba ameuelewa kuliko baadhi yetu. Pale hasa ndipo imani ya Kikristo inapoachana na mshangao wa watu wote, na si haki kwake wala kwetu kujifanya kwamba njia haikugawanyika.

Vita vilipoanza mwaka 1939 Hine na familia yake walirudi Uingereza. Kazi waliyoiacha ikawafuata. Baada ya vita nchi hii ilipokea makumi ya maelfu ya watu wa Ulaya ya Mashariki waliopoteza makwao, wengine wakikaa kwenye kambi zilizokuwa za jeshi. Mwaka 1948 Hine alitembelea kambi moja huko Sussex walimokuwa Warusi, na waumini waliopatikana humo walikuwa wawili tu. Mmoja alimweleza habari zake. Alitenganishwa na mkewe katika vurugu za mwisho wa vita. Mkewe alikuwa ameamini, yeye wakati huo hakuwa. Sasa ameamini, na hana njia ya kumwambia. Alisema hatarajii tena kumwona duniani. Anachongoja ni siku ile watakapokutana mbinguni, amwambie mwenyewe.

Wakimbizi wale, kila Hine alipokutana nao, walikuwa na swali moja: tutakwenda lini nyumbani? Kutokana na swali hilo na mtu yule wa Sussex aliandika ubeti wa nne, wa Kristo kuja kutuchukua nyumbani. Mwaka 1949 wimbo mzima ulitoka, Kirusi na Kiingereza, katika jarida dogo alilolichapisha kwa ajili ya waumini waliotawanyika. Ubeti uliomshinda mwenzetu jikoni uliandikwa katika nchi hii hii tunayosoma, kwa ajili ya watu wasioweza kurudi makwao.

Yaliyofuata ndiyo wengi wanayoyajua, na yule wa Elvis tutampa haki yake. Mwaka 1954 mhubiri Edwin Orr aliusikia wimbo huo huko Deolali, India, ukiimbwa na kwaya ya Wanaga, akaupeleka California. George Beverly Shea aliuimba kwenye mikutano ya Billy Graham, na mwaka 1957 huko Madison Square Garden, New York, ukarudiwa jioni baada ya jioni mpaka Marekani ikaamini ni wimbo wake. Mwaka 1967 Elvis Presley akatoa albamu yenye jina la wimbo huo, "How Great Thou Art", ikampatia tuzo ya Grammy. Kumbe Waswidi wa Chicago walikuwa na tafsiri yao ya Kiingereza tangu 1925, iliyofanywa na E. Gustav Johnson, iliyokaribia zaidi maneno ya Boberg. Haikuvuma. Nyimbo nazo zina bahati zake.

Na kwetu? Mtu angetegemea uletwe na Waswidi wenyewe, maana walikuwepo. Wapentekoste wa Uswidi walifanya kazi mashariki ya Kongo tangu miaka ya 1920, na Tanganyika na Burundi tangu miaka ya 1930. Waluteri wa Kiswidi walifika Bukoba wakati wa vita vya pili. Lakini tulipoweka maandiko mezani, la Kiswidi, la Kiingereza na la Kiswahili, wimbo wa Tenzi za Rohoni ukajisema wenyewe. Una beti nne badala ya tisa. Ngurumo imo kwenye ubeti wa kwanza, mahali Hine alipoiweka, wakati kwa Boberg ngurumo inasubiri zamu yake. Una ubeti wa ugumu wa kuelewa msalaba, ambao ni wa kile kijiji cha Karpathia, na una ubeti wa kuchukuliwa nyumbani, ambao ni wa Sussex. Kwa hiyo umepita kwa Hine, nao haukuweza kufika kwetu kabla ya 1949. Bibi wa mwenzetu aliyeuimba akipalilia alikuwa akiimba wimbo mpya wa siku zake.

Mfasiri wa Kiswahili hakuwa mtumwa wa Kiingereza, na hilo tunalipenda. Hine anatembea msituni. Kwetu msitu umeondolewa, mtu anatembea duniani kote, na popote aendapo anawasikia ndege. Aliyebadilisha hilo pengine alitafuta mizani tu, lakini sisi tulio mbali na kwetu tunalipokea kwa namna nyingine.

Kisha kuna lile neno la mwanzo. Kiswahili hakina umaskini hapa: tuna kustaajabu, kuduwaa, kupigwa na butwaa. Kustaajabu kungempa heshima ya vitabu, tena kuna methali yake ya Musa na Firauni. Mfasiri alichagua kushangaa, neno la barabarani. Anayeshangaa Kariakoo huibiwa simu. Kondakta wa daladala akikuuliza "unashangaa nini?" hakusifu. Na ndilo neno hilo hilo la taarifa ya msiba: tulishangaa kusikia, tulikuwa naye juzi tu. Mdomo ulio wazi mbele ya nyota na mdomo ulio wazi mbele ya simu ya alasiri hutamka kitenzi kimoja. Hatujui lugha nyingine kati ya zile nne ambamo wimbo huu unaweza kusema yote mawili kwa neno moja la kawaida namna hii.

Siku ya mazishi tulikusanyika tena, safari hii asubuhi sana kwa sababu ya saa tatu za tofauti. Mjomba wa mfiwa alikuwa ameahidi kutuonyesha mazishi kwa simu. Mtandao wa kijijini ulikuwa dhaifu. Picha ilikuja na kukatika, tukaona kanga, viatu vya watu, udongo mwekundu, kisha kioo kikaganda kwenye bega la mtu, ikabaki sauti peke yake. Mwenzetu wa Muscat ndiye aliyeishika simu juu, maana ndiye mrefu, waya wa chaji ukimning'inia begani.

Kwaya ya kule ilipoanza wimbo hatukuambizana. Tuliingia kwenye ubeti wa pili. Mfiwa aliimba wa tatu, na wa nne akauimba pia, macho kwenye bega lile lililoganda. Sauti ilikuwa inatufikia kwa kuchelewa, sekunde mbili hivi. Wao walipomaliza na mchungaji akaanza kusema, sisi tulikuwa bado tuna mstari mmoja.